Lucy Wills, muganga aliyeanzisha safari ya kidonge cha damu

Kuanzia Katwa mpaka Mutwanga, kule chini ya Ruwenzori, siku ya CPN inafanana. Mama anapimwa kilo, anapimwa presha, tumbo linapimwa, na kabla ya kurudi nyumbani anapewa vidonge vya kuongeza damu. Ndani ya kidonge kimoja mna vitu 2: madini ya chuma na asidi foliki. Wapo wanaovimeza mpaka siku ya kuzaa. Wapo wanaovifunga kwenye kona ya kitenge na havionekani tena. Sababu zao zinajulikana: vinaleta kichefuchefu, vinageuza choo kuwa cheusi. Na sasa, kwa kuwa simu inapitisha kila kitu, limeongezeka swali lingine: je, ni kweli asidi foliki inamletea mama mjamzito ugonjwa wa sukari?

Swali hilo halikutoka hewani, na tutalifikia. Lakini kwanza tumfahamu mutu ambaye bila yeye kidonge hicho pengine kingechelewa miaka mingi. Ni mwanamke, Mwingereza, jina lake Lucy Wills. Alikufa mwaka 1964. Waganga wa damu dunia nzima wanamjua, na mwaka 2019, siku ya kuzaliwa kwake, Google iliweka picha yake iliyochorwa kwenye ukurasa wake wa kwanza. Akina mama waliookolewa na kazi yake ni wengi kuliko waliowahi kusikia jina lake.

Lucy Wills alizaliwa tarehe 10 Mei 1888 huko Sutton Coldfield, karibu na muji wa Birmingham. Ukoo wa baba yake ulikuwa na kiwanda cha kutengeneza miundu na vyuma vingine vya kukatia. Baba mwenyewe alikuwa amesoma sayansi, na babu yake upande wa mama alikuwa muganga mwenye jina pale Birmingham. Kwa hiyo hakukulia katika shida. Alisoma Cheltenham, shule ya wasichana iliyosifiwa kwa masomo magumu, kisha mwaka 1907 akaingia Newnham, chuo cha wanawake pale Cambridge, akasoma mimea na mawe ya ardhi.

Alimaliza mitihani yake mwaka 1911. Digrii hakupewa. Wakati ule Cambridge ilimruhusu mwanamke kusoma, kuketi kwenye mtihani na kufaulu, lakini digrii ilikuwa ya wanaume tu, na hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1948. Mwaka ule ule wa 1911 baba yake akafa. Mwaka 1913 akamfuata dada yake Edith, kijana bado. Lucy alikuwa na akili, na mali ya kumtosha, lakini hakujua bado afanye nini na maisha yake.

Mwaka 1914 alisafiri Afrika Kusini. Vita Kuu ya kwanza ikalipuka akiwa huko, naye akajitolea majuma machache kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Cape Town. Aliporudi Uingereza mwisho wa mwaka alikuwa amekwisha kuamua. Januari 1915 akaandikishwa katika shule ya udaktari ya wanawake pale London, iliyofanya kazi pamoja na hospitali ya Royal Free. Akamaliza mwaka 1920, akiwa na miaka 32. Wenzake wengi walitafuta mahali pa kutibia. Yeye alibaki maabara, akichunguza jinsi kemia ya mwili wa mwanamke inavyobadilika anapobeba mimba. Hakuolewa. Kazini alikwenda kwa baiskeli, na wakati wa mapumziko alipanda milima na kuteleza juu ya theluji. Ruwenzori yetu ingempendeza.

Mwaka 1928 alikwenda India. Aliitwa kwa ajili ya uchunguzi juu ya vifo vya wazazi, akapewa nafasi katika taasisi ya Haffkine, muji wa Bombay, ambao leo unaitwa Mumbai. Kule wanawake wengi wajawazito, hasa wa familia maskini zilizofanya kazi kwenye viwanda vya nguo, walikuwa wanaishiwa damu mpaka wanakufa, wakati mwingine wakiwa wamebakiza majuma machache tu wazae.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo utamu wa habari hii ulipo. Sisi tunasema tu kukosa damu, kana kwamba ni kitu kimoja. Ukitazama kwa mikroskopu si kitu kimoja. Mutu aliyekosa madini ya chuma, chembe zake nyekundu zinakuwa ndogo na zimepauka. Wanawake wa Bombay walikuwa na chembe chache sana, lakini zile zilizobaki zilikuwa kubwa kuliko kawaida, zimevimba, kama vile mwili ulianza kuzitengeneza na kushindwa kuzigawanya. Waganga wa Ulaya waliijua anemia nyingine yenye chembe kubwa namna hiyo, ambayo zamani iliua kila aliyeipata. Mwaka 1926 Wamarekani Minot na Murphy walionyesha kwamba mgonjwa wake akilishwa maini kwa wingi anapona. Je, ya Bombay ilikuwa ileile?

Wills alianza kwa kutafuta mdudu. Alipima choo na vijidudu vya tumboni, hakupata jibu. Ndipo akageukia chungu cha jikoni. Pamoja na mwenzake alifuatilia wanawake wa tabaka mbalimbali wanakula nini. Picha ikajichora yenyewe: wale waliokula kidogo sana mboga, matunda, maziwa na nyama ndio walioanguka. Waliokula vizuri, hata kama wanaishi muji uleule, ugonjwa ule haukuwagusa sana.

Akawalisha panya chakula kama cha wale maskini. Panya wakaishiwa damu. Akawaongezea chachu, hawakuishiwa. Ingekuwa sisi wengine tungeshangilia na kufunga daftari. Kumbe baadaye ilionekana kwamba panya walikuwa na chawa, na chawa hao wanaambukiza ugonjwa unaoharibu damu, hivyo jaribio lile halikuwa safi. Ilimbidi arudie kwa nyani, ambao miili yao iko karibu zaidi na yetu. Nyani wakalishwa chakula kibaya, damu ikashuka, chembe zikawa kubwa kama za wale wanawake. Kisha mmoja aliyekuwa mahututi akapewa Marmite.

Marmite ni kitu cha kawaida kabisa Uingereza. Ni uji mzito mweusi wenye chumvi nyingi, unaopakwa juu ya mkate, nao unatengenezwa kwa chachu inayobaki pipani baada ya kupika bia. Ni bei rahisi. Nyani yule akapata nafuu. Wills akawapa wagonjwa wake pale Bombay, nao wakaanza kupona ndani ya siku chache, damu ikipanda kila ilipopimwa. Mwaka 1931 alitangaza matokeo hayo katika jarida la waganga wa Uingereza. (Tafadhali, asitokee mutu wa kusema radio imeshauri wajawazito wanywe kasiksi. Pombe inamwumiza mtoto tumboni, tena inapunguza hicho kitu chenyewe tunachokizungumzia.)

Kuna jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo linaloonyesha ukubwa wake. Alijaribu pia dawa ya maini iliyosafishwa sana, ile iliyokuwa inaponyesha anemia ya Minot na Murphy. Kwa wagonjwa wake haikufanya kitu. Lakini maini ambayo hayajasafishwa yalifanya kazi, na Marmite ilifanya kazi. Kwa hiyo ndani ya maini kulikuwa na vitu 2 tofauti, na kile cha wajawazito kilikuwa kinatupwa wakati wa kusafisha. Hakujua kinaitwaje. Hakuna aliyejua. Wenzake wakakiita kitu cha Wills, na jina hilo likabaki miaka 10.

Mwaka 1941, huko Texas, Marekani, wanasayansi Mitchell, Snell na Williams walichukua tani 4 za spinachi, wakazikamua na kuzisafisha mpaka wakabaki na kiasi kidogo sana cha kitu hicho. Kwa kuwa kimetoka kwenye majani, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani: asidi foliki. Mwaka 1945 kampuni ya Lederle ikafaulu kukitengeneza kwa kemia, katika kundi la watafiti lililokuwa na Mhindi Yellapragada Subbarow. Kuanzia hapo iliwezekana kukiweka ndani ya kidonge.

Spinachi hapa kwetu si nyingi, lakini lengalenga tunayo, sombe tunayo, maharagi tunayo, na vyote vina folati. Taabu ni moto. Folati haipendi kuchemshwa muda mrefu, inaharibika na nyingine inatoka na maji yanayomwagwa. Sombe inayokaa jikoni kuanzia asubuhi mpaka mchana imepoteza sehemu kubwa. Ongeza na malaria: kila mara inapovunja chembe nyekundu, mwili unahitaji folati nyingine kutengeneza mpya. Ng'ambo ya mlima, Uganda, muganga Hugh Trowell aliandika katika miaka ya 1940 juu ya wagonjwa waliokosa vyote 2 kwa pamoja, madini ya chuma na vitamini hizi za damu. Ndiyo maana kidonge cha CPN kimechanganywa.

Tumalizie maisha ya Wills. Alikwenda na kurudi India mara kadhaa, Bombay, Madras na Coonoor. Mwaka 1937 alisafiri kwa ndege ya majini, na safari mpaka Karachi ilichukua siku nyingi. Vita ya pili ilimkuta London. Alipima damu za watu wakati chakula kinagawiwa kwa kadi, na mwaka 1944 bomu la kuruka la Wajerumani liliipiga hospitali aliyofanyia kazi. Aliongoza maabara ya Royal Free mpaka alipostaafu mwaka 1947. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina: alisafiri Jamaika, Fiji na tena Afrika Kusini, akiendelea kuchunguza chakula na damu, na nyumbani alichaguliwa kuwa diwani wa Chelsea kwa chama cha Labour. Alikufa tarehe 16 Aprili 1964, mwezi mmoja hivi kabla hajafikisha miaka 76.

Mwaka uliofuata Hibbard na Smithells, waganga wa Liverpool, waliandika kwamba kukosa folati kunaweza kuhusiana na watoto wanaozaliwa wakiwa na mgongo wazi. Ilichukua muda kuthibitisha. Mwaka 1991 uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, akimeza asidi foliki kuanzia kabla ya mimba, hatari ya kurudia inapungua kwa asilimia 72. Mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama mara nyingi hata hajajua ana mimba. Anayefika CPN mwezi wa tano, kidonge bado kinamsaidia damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto wakati umepita. Wanaotafuta mimba ndio wanaopaswa kuanza.

Sasa ile sukari.

Kuna ugonjwa wa sukari unaoanza wakati wa mimba kwa mama ambaye hakuwa nao. Mimba inatoa homoni zinazozuia insulini kufanya kazi vizuri, na mwili wa mama ukishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari inapanda. Mtoto anaweza kuwa mkubwa kupita kiasi, kuzaa kunakuwa kugumu, na mama anabaki na hatari ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Wanaopatwa zaidi ni wenye uzito mkubwa, wenye umri mkubwa kidogo, wenye ndugu wa damu wagonjwa wa sukari, na waliowahi kuzaa mtoto mzito sana.

Katika miaka hii ya karibuni watafiti kadhaa huko China walifuatilia wajawazito na kuona kwamba waliomeza asidi foliki, hasa dozi kubwa kwa miezi mingi, walipata ugonjwa huo zaidi. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Lakini Marekani, uchunguzi uliofuatilia wauguzi wanawake kwa miaka mingi ulitoa picha kinyume: waliopata folati ya kutosha kabla ya mimba walikuwa na hatari ndogo zaidi. Chunguzi zote hizi ni za kutazama tu. Hakuna aliyegawanya wanawake kwa kura, hawa wameze, hawa wasimeze. Na mama anayemeza vidonge vingi mara nyingi ndiye pia mwenye pesa, anayekula zaidi na kupimwa zaidi. Kutoka hapo mpaka kusema kidonge kinaleta sukari ni mwendo mrefu, na mwanamke aliyedanganywa na chawa wa panya angekuwa wa kwanza kutuambia twende polepole.

Kuna upande mwingine wenye uzito, na unarudi India kwenyewe. Watafiti wa Pune walipima akina mama ambao wengi hawali nyama, wakaona kwamba mama mwenye folati nyingi lakini vitamini B12 kidogo, mtoto wake anapokua insulini yake haifanyi kazi vizuri. B12 ndicho kile kitu cha pili cha ndani ya maini, cha Minot na Murphy. Majani hayana. Kinatoka kwenye nyama, mayai, maziwa, samaki. Kwa hiyo samaki wa Kyavinyonge, hata kipande, yai mara kwa mara, maziwa yakipatikana, vinafanya kazi ambayo asidi foliki haiwezi kufanya peke yake. Tena mutu aliyekosa B12 akipewa folati peke yake, damu inaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Basi shida iko kwenye kipimo. OMS inashauri mama mjamzito ameze kila siku miligramu 0.4 za asidi foliki pamoja na miligramu 30 mpaka 60 za chuma. Kidonge cha CPN kimekusudiwa kiasi kama hicho. Lakini kwenye famasia kuna vidonge vya asidi foliki vya miligramu 5. Hiyo ni zaidi ya mara 12. Vina watu wake: mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayemeza dawa za kifafa, mgonjwa wa SS, na hata mama aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, maana kisukari chenyewe kinaongeza hatari ya mgongo wazi. Ajabu ni hiyo: sukari inayoogopwa inaweza kuwa sababu ya muganga kuongeza asidi foliki. Lakini ni muganga anayeongeza, si jirani.

Kwa eneo letu la malaria kuna sababu moja zaidi, nayo haina mabishano. Fansidar tunayopewa CPN kuanzia mwezi wa nne inaua kimelea kwa kukizuia kutumia folati. Mama akimeza miligramu 5 kila siku, anakilisha kile ambacho dawa inakinyima, na Fansidar inapungua nguvu. Kwa miligramu 0.4 tatizo hilo halipo, na kuacha kidonge cha CPN kwa ajili ya Fansidar si lazima.

Kichefuchefu na choo cheusi vinatoka kwenye chuma, havitoki kwenye folati, na choo cheusi hakina hatari. Kumeza usiku kabla ya kulala, au baada ya chakula, kunawasaidia wengi. Chai iliyokolea ikae mbali na kidonge, inazuia chuma kuingia mwilini. Sukari ya mimba hupimwa hasa kati ya juma la 24 na la 28, na mwenye dalili zile tulizotaja asingoje kuitwa, aulize mwenyewe. Na kama umenunua vidonge vingine mahali pengine, vibebe na paketi yake siku ya CPN, muuguzi asome namba iliyoandikwa juu.